Mjukuu anakuja mwezi wa nne: Mombasa nimwonyeshe maua gani?

NyanyaKuze

Assalam aleikum jamani. Nina swali, na naomba mnijibu kwa moyo, maana nimelizungusha kichwani wiki nzima.

Mjukuu wangu wa kwanza ana miaka 9. Amezaliwa Bristol, Uingereza, na hajawahi kukanyaga Mombasa. Inshallah atakuja na babake likizo ya shule ya Pasaka, kuanzia tarehe 3 Aprili, akae wiki mbili na siku tatu. Juzi kwenye simu alinigeuzia kioo nione dirishani kwao. Nje kuna mti wa cheri wa jirani, umechanua mweupe mtupu, hata jani halionekani. Akaniambia wiki iliyopita ulikuwa vijiti vitupu. Halafu akaniuliza: "Nyanya, na kwenu maua yanafika lini?"

Nikamjibu kama tunavyojibu sote, kwamba kwetu maua yapo mwaka mzima. Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo hakuna maua mnayoyangoja?"

Neno hilo halijanitoka. Tangu siku ile najiona nimemwambia mtoto uongo.

Kwa sababu mimi nimengoja maua. Nimelelewa Kuze, Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa yenye uwa mdogo katikati. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mkilua mmoja kando ya birika. Wenye kuujua mkilua wanajua kwamba kilua si ua la kumfurahisha mpita njia. Linaning'inia chini ya majani, petali zake nene, rangi yake haiko mbali sana na ya majani yenyewe. Huwezi kuliona ukiwa umesimama. Tulikuwa tunalijua kwa pua. Unashuka ngazi alfajiri kutia udhu, hujafika chini harufu imekupokea. Mama atakuwa ashakaa pale, na neno lake lilikuwa moja: "Kumeingia mgeni." Sisi watoto tunapiga magoti, tunainua jani moja moja mpaka tulione. Na likionekana halichumwi ovyo. Mwenye harusi wiki ile ndiye mwenye kilua, atalifunga pembe ya leso. Kama hakuna harusi, analala nalo aliyekuwa mgonjwa.

Nyumba ile iliuzwa mwaka 1998. Aliyenunua aliukata mkilua akaweka tangi la maji. Siku ya kuhama nilikuwa nimechukua mche, na leo uko kwangu Kisauni, umenipita mabega. Umetoa maua miaka miwili tu kati ya yote hiyo, na hauna siku maalumu.

Sasa swali langu. Katika wiki mbili za mwanzo wa Aprili, kaskazi inamalizika na masika bado hayajakaa sawa, nimwonyeshe nini? Tafadhali msinipeleke kwenye bogonvilia za hotelini. Hizo zipo kila siku. Nataka kitu ambacho jana hakikuwepo na leo kipo. Na kama kuna mtu anajua nifanyeje ili mkilua unipe maua, aniambie.

KijanaWaNyali

Shikamoo nyanya. Mimi nitakupa moja, haina gharama. Mpeleke ufuoni Nyali asubuhi, saa moja, kabla jua halijapanda. Pale mchanga unapokutana na nyasi kuna mmea wa kutambaa, kamba zake ndefu, jani lake limepasuka katikati kama ukwato wa mbuzi. Maua yake ni zambarau, yamefunguka kama tarumbeta. Halafu mrudishe palepale alasiri. Atayakuta yamejikunja, yamekwisha. Kesho yake asubuhi ni mengine. Huo mmea unachanua karibu mwaka mzima, lakini kila ua lina asubuhi yake moja. Mimi nakimbia pale kila siku na ilinichukua miaka kulitambua hilo.

Ila mkrismasi usimwahidi. Ule mwekundu wa barabarani unaanza kuwaka kuelekea Desemba, ndiyo maana ya jina. Aprili utamwonyesha majani na yale maganda meusi marefu ya mbegu.

VikubaMarikiti

Masalkheri nyanya. Mimi nauza vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia, karibu na Marikiti, kazi niliyoachiwa na shangazi. Nakuomba usimletee mtoto kikuba kilichokwisha fungwa. Mletee asumini zikiwa bado zimefumba.

Asumini huchumwa alasiri, kifundo kimeshiba na kimekuwa cheupe lakini hakijapasuka. Ukichuma zilizofunguka umeshachelewa, usiku huohuo zinaanza kulegea na asubuhi zishaingia rangi ya chai. Zile zilizofumba zitie kwenye sinia, nyunyiza maji kidogo, funika kitambaa chepesi cha pamba. Usizibane. Magharibi ikiadhiniwa ondoa kitambaa, mkae naye chini. Zitaanza moja, halafu tatu, halafu huwezi tena kuhesabu. Nyumba nzima itajua.

Na Aprili ni mwezi mzuri kwa hilo. Mti wa asumini uliokatwa matawi wakati wa kaskazi, ukiguswa na mvua za mwanzo, unatoa vifundo kwa wingi. Mvua kubwa ya Mei ndiyo inayotuharibia, inapiga zinaanguka chini mbichi. Mimi Mei nafunga vikuba vidogo, mrehani mwingi na mkadi, asumini ya kuonyesha tu.

Baadaye mfundishe kufunga. Mrehani kwanza ndio uti wa mgongo, asumini tano au saba, petali za waridi chache, uzi mmoja. Mikono ya mtoto ni midogo, atafunga vizuri kuliko sisi.

Kilua sikuahidi. Wananiletea kina mama wa mashamba, wakikosa na mimi nakosa. Nikipata nakuwekea, sitauza.

MwalimuMatuga

Bi Nyanya, shikamoo. Swali la mjukuu wako ni la maana sana, na mimi nimefundisha sayansi miaka 22 bila mwanafunzi kuniuliza hivyo.

Yeye yuko sahihi na wewe hukusema uongo. Miti ya Uingereza inahesabu baridi na mwanga. Bristol mwezi wa Juni mchana unapita saa 16, Desemba haufiki saa 8. Cheri inahitaji ipate baridi ya kutosha ndipo ichanue vizuri, kisha joto likirudi inafunguka yote kwa pamoja. Sisi Mombasa tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hazipishani hata nusu saa. Mti wetu ukitegemea mwanga utachanganyikiwa. Kwa hivyo mingi inahesabu maji: imekauka kiasi gani, na mvua imerudi lini. Na kila mmoja una hesabu yake. Mwembe na mkanju huchanua kipupwe kikiwa kinatoka. Mbuyu unangoja kuelekea vuli. Ndiyo maana hatuna siku moja ambayo kila kitu kinachanua, tuna zamu.

Zamu ya Aprili ni ya vitu vya ardhini. Kuna ua moja ambalo ningekuomba uvuke feri kwa ajili yake. Mvua ya kwanza au ya pili ikipiga, kwenye vichaka na chini ya miti huku Matuga mpaka Shimba Hills, kunatoka ufito mmoja ardhini, bila jani, na juu yake mpira mwekundu ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Ukisogea unaona kwamba si ua moja, ni vijiua vingi sana, kila kimoja kina nyuzi zake zenye ncha za manjano, vimepangwa kama miale. Wiki moja, wiki mbili, umekwisha, halafu majani ndiyo yanakuja. Ukipita Machi hapo pana vumbi. Hicho ndicho "jana hakikuwepo na leo kipo". Mwambie tu asichimbe, kitunguu chake kina sumu.

Ukiwa na nafasi, fika Kaya Kinondo, mbele ya Diani. Ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya kaya, makao ya kale ya Wamijikenda, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mtafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na hamtoki hata na jani lililoanguka. Kwa mtoto aliyezoea kuokota, ni vizuri akatembea saa nzima akitazama tu.

Na kuhusu mkilua wenu, huenda hili hulijui. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika mti huo kisayansi, aliuita *Mkilua fragrans*. Jenasi nzima, yaani kundi la mimea iliyo jamaa ya karibu, imepewa jina la Kiswahili, na ndani yake hakuna mti mwingine, ni huo mmoja tu, wa pwani ya Kenya na Tanzania. Maana yake jina ambalo mamako alikuwa analitaja kando ya birika ndilo analotumia mtaalamu popote alipo. Ukoo wake ni mmoja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Kama mkilua hautatoa, mwonyeshe mjukuu ua la mstafeli. Utalikuta limetoka hata kwenye shina, limeinama, petali tatu nene za nje kama ngozi. Hiyo ni sura ya ukoo.

AbuSalma

Nyanya nakuheshimu, lakini bogonvilia umeionea. Mke wangu ameipanda yetu Tudor ukutani tangu tuoane. Si ya hotelini peke yake.

Mwambie mjukuu achukue kishada kimoja akichambue polepole. Zile rangi tunazozisifu, zambarau na machungwa, si petali. Ni majani, matatu matatu, yamegeuka rangi. Ua lenyewe liko ndani, jeupe, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na kila jani lina lake. Watu wanapita wanasema maua mazuri na ua hawajaliona.

NyanyaKuze

Abu Salma, nimetoka nje sasa hivi na tochi nikaangalia ya jirani. Miaka 61 nimeishi na bogonvilia na ua lake nimeliona leo usiku. Nimekosa, nisamehe, na umsalimie mama Salma.

Mwalimu, hilo la jina la mkilua nimelisoma mara tatu, kisha nimempigia dadangu Malindi nikamsomea. Alilia. Mama hakujua kusoma.

VikubaMarikiti, mwanangu, nakuja Jumamosi.

MwalimuMatuga

Nyongeza fupi tu. Mvua ikichelewa, usivuke wiki ya kwanza. Ngoja inyeshe usiku, hesabu siku nne au tano, ndipo uje. Nitakuwa natazama kwenye ua wa shule na nitakuandikia hapa.

Na mwakani, au Desemba yoyote watakayokuja, usimkoseshe mbuyu. Pale Mama Ngina ipo mikubwa ya kutosha. Ua lake linaning'inia, jeupe, linafunguka jua likizama na popo ndio wageni wake. Kufikia kesho yake limegeuka kahawia na kuanguka. Asubuhi utaona yametapakaa njiani, watu wanayakanyaga.

NyanyaKuze

Jamani, nimechelewa kurudi. Mjukuu ameshaondoka, nyumba imenyamaza, na nina deni la kuwaeleza.

Wiki ya kwanza hakukunyesha hata tone. Joto la kaskazi lilikuwa bado liko ndani ya kuta, mtoto analala sakafuni juu ya mkeka. Tulianza na Nyali. Asubuhi alizihesabu zile tarumbeta za zambarau kwenye kamba moja, akapata 11. Alasiri mimi nimechoka, babake amechoka, yeye akasema lazima turudi. Tukarudi kwa tuktuk. Akachuchumaa pale muda mrefu, akagusa moja iliyojikunja kwa ncha ya kidole. Hakusema kitu. Kesho yake aliamka kabla yangu akaniuliza kama zile za leo zishafunguka.

Usiku wa asumini ndio utakaobaki nami. Nilifanya kama alivyosema VikubaMarikiti. Sinia ya mamangu, kitambaa cha pamba, uwani, taa tumezima. Adhana ikalia, nikaondoa kitambaa. Mtoto alilala kifudifudi, kidevu juu ya mikono, pua yake iko shubiri moja kutoka kwenye sinia. Alitaka aone moja likifunguka, achague moja tu na alitazame mpaka mwisho. Akachagua kifundo cha pembeni chenye alama nyekundu ndogo shingoni. Akakitazama. Hakikutikisika. Paka alipita, akageuka kumwangalia paka, aliporudi kifundo kimelegea, petali moja imeachana na wenzake. "Nyanya, limefanya nilipoangalia pembeni!" Akaanza upya na kingine, na kingine. Mara zote ni vilevile, halionekani likienda, linaonekana limefika. Saa mbili na nusu sinia yote ilikuwa nyeupe, na jirani wa juu akafungua dirisha akauliza nani anaoa.

Tulifunga vikuba sita. Cha kwanza kilifumuka. Cha sita alikipeleka yeye mwenyewe kwa mama Salma, Tudor, maana AbuSalma aliniandikia pembeni tukapanga. Huko akachambua bogonvilia meza nzima, akatoa vile vijiua vyeupe akavipanga mstari juu ya sahani ya kahawa.

Mvua ikaja usiku wa siku ya tisa. Ilipiga mabati mpaka alfajiri. Tulihesabu siku nne kama alivyosema Mwalimu, ya tano ujumbe wake ukaingia: "Njooni, viko vitatu." Tukavuka feri mapema, matatu mpaka Matuga. Mwalimu alitupokea barabarani na gamubuti. Nyuma ya ua wa shule, chini ya mwembe, ardhi ilikuwa bado imelowa, na pale palikuwa na mipira mitatu myekundu, miwili imefunguka na mmoja bado umefumba kama ngumi. Sijui nitawaelezaje wekundu ule. Mvua imeacha kila kitu cha kijani na kahawia, halafu pale kuna kitu kimewashwa. Mtoto alipiga magoti akaanza kuhesabu vijiua vya mpira mmoja. Akafika 63 akapoteza, akaanza tena, akafika 80 akapoteza. Sungusungu mmoja alikuwa anatembea juu ya nyuzi zile na magoti yake yote yamepakwa manjano. Wanafunzi wa Mwalimu waliokuja kutazama wakamsaidia, wakagawana mpira pande nne, kila mmoja ahesabu upande wake. Wakapata 142. Nimeandika kwenye kalenda.

Kaya hatukufika, siku ziliisha.

Na mkilua haukutoa kitu. Kila asubuhi alishuka kabla sijamwita, akapiga magoti, akainua majani moja moja, kama sisi. Hakuna. VikubaMarikiti naye alikosa, Mungu ambariki kwa kujaribu. Siku ya kuondoka, mabegi yako kwenye gari, aliomba arudi uwani mara moja. Akakaa pale chini ya mti. Aliporudi ameshika jani moja lililoanguka, akaliweka ndani ya kitabu chake, akaniwekea sharti: kila Ijumaa niutazame mkilua, nimpigie nimwambie kuna nini.

Ijumaa ya kwanza nilimpigia, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu vilevile.

Leo ni Ijumaa. Nimemaliza sala ya asubuhi, nikashuka, nikainua majani ya upande wa ukutani. Chini ya tawi la pili kuna vifundo viwili vya kijani, vigumu, vimeinama, havizidi punje ya mbaazi. Nimeviangalia kwa miwani, nikaviangalia tena bila miwani. Hakuna harufu bado.

Huko wako nyuma yetu saa mbili, atakuwa shuleni. Nitapiga saa kumi na mbili jioni.